Sinema Chini ya Sebule

Mume wangu Celestin Nsabimana hakuwahi kujenga kitu kikapanda juu. Kazi yake ilikuwa kwenda chini. Vyoo vyote vya zamani unavyoviona kuanzia kanisani hadi njia ya Nyakatuntu ni jasho lake. Visima pia. Mwaka wa sabini na nane, vita vilipoanza na kila nyumba ikataka handaki la kujifichia, walimfuata nani? Walimfuata huyo huyo. Alichimba kutwa, watu wakaingia humo na watoto wao na vikapu vyao vya ndizi, na sisi tukajificha kwenye migomba kwa sababu handaki letu lilikuwa halijapata zamu. Nikimkumbusha hilo alikuwa anacheka. Mimi mpaka leo sioni cha kuchekesha.

Aliletwa Karagwe mgongoni mwa mama yake, kutoka Rwanda, hata kutembea hajajua. Kinyambo, lugha ya hapa, alikisema kuliko wenyewe. Alikuwa mwembamba, mrefu, shingo imeinama kidogo mbele kwa ajili ya kazi yake, na alikuwa na tabia moja iliyoniudhi tangu siku ya kwanza ya ndoa yetu: kila mtu kwake alikuwa mtu mwema. Ukimwambia fulani amekusema vibaya, anakuambia labda alikuwa na njaa. Alipokuwa akichimba kwa watu, chakula kililetwa pale pale ukingoni mwa shimo, juu ya jani la mgomba. Sawa, ana matope, huwezi kumwingiza ndani. Lakini na wao kwetu hawakuingia. Hatukuwa na ugomvi na mtu. Walitusalimia vizuri, shikamoo, marahaba, habari za watoto, wakaishia uani. Miaka yote hiyo sebule yetu iliingiwa tu na padri aliyekuja kubariki nyumba, na binti yetu Vestina akija kututembelea na mumewe.

Mimi sikujali sana. Nina mdomo mchafu na najua, kwa hiyo nilisema ni mimi ninayewafukuza. Lakini vilipoanza vita vya Rwanda, mwaka wa tisini, ndipo jambo hilo likawa jambo.

Baada ya Krismasi tuliitwa mkutanoni. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Rwegasira, mzee wa kuongea polepole, mtu wa kutafuta neno kwanza kabla ya kufungua kinywa. Alisema watu wa kuja lazima wajulikane. Kila mwenye asili ya ng'ambo atasimamiwa na jirani, na asiyekuwa na wa kumsimamia atarudi kwao. Jina langu halikuulizwa, kwa kuwa mimi nilizaliwa Kihanga, hapa hapa Karagwe, na wazee wa huko walikuwa wameshanisemea. Likaulizwa la Celestin.

"Nani anamsimamia?" alisema Rwegasira.

Watu wengi walinyanyua mikono. Moyo wangu ukatulia. Rwegasira akawatazama, akatikisa kichwa.

"Simtaki anayemjua kwa kazi. Choo alinichimbia hata mimi. Namtaka mtu aliyeingia nyumbani kwake akakaa. Anayejua anakula nini, analala wapi, nani anamtembelea. Mtu wa namna hiyo ndiye atakayesimama."

Mikono ikashuka. Jirani yetu Aristides, tuliyetenganishwa naye na safu moja tu ya migomba, alianza kukohoa kikohozi kisicho na mafua. Rwegasira hakuwa mtu mbaya, nasema kweli, hata aliona huruma. Akasema basi tumpe muda, suala lake litarudi mvua zikiisha.

Tulirudi nyumbani. Mimi nilikuwa nimevimba. Nilitaka kwenda kwa Aristides nikamwambie yangu yote. Celestin alikaa kwenye kigoda, akatazama mlango wetu muda mrefu, mlango ule mfupi wa mbao ambao kila akipita lazima ainame.

"Wana haki," alisema. "Hawajawahi kuingia."

"Umewazuia?"

"Sijawapa sababu."

Nilimwambia aache upumbavu, lakini sababu aliitafuta, na aliipata Omurushaka. Kule kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa kahawa aliyechimbiwa naye kisima. Mtu yule alikuwa anahamia Mwanza, hana pesa taslimu, akamlipa kwa vitu. Celestin alirudi juu ya lori la ndizi na televisheni, deki ya kuchezea mikanda, na jenereta ndogo iliyofungwa kwenye blanketi kama mgonjwa. Mikanda ilikuwa miwili. Mmoja ulikuwa wa Wachina wanaopigana. Wa pili haukuwa na maandishi yoyote.

"Mama Vestina, nimepata," aliniambia.

"Umepata nini, homa?"

"Uji wako hawatakuja kuunywa. Lakini picha watakuja."

Kwa kweli hapo nilimsikiliza. Video kwa wakati ule ilikuwa kitu cha Bukoba. Watu walikuwa wanasimulia video waliyosimuliwa na aliyeiona. Nikamwambia vizuri, jenga banda uani, ezeka, weka mabenchi. Akanitazama kama mtu anayemfundisha mtoto.

"Banda likiwa uani, wataishia uani."

Ndivyo alivyoamua kuchimba chini ya sebule. Mlango wa kushukia uwe ndani, kwenye kona karibu na kabati, ili asiyepita sebuleni asione picha. Bati na mbao za banda hakuwa nazo hata hivyo. Jembe alikuwa nalo, na sururu, na mikono. Na alisema chini kuna giza hata saa sita mchana, picha itaonekana safi. Watu wameshazoea mashimo yangu, alisema. Walikaa humo wakati wa vita na hawakulalamika.

Sijui nikuelezeje ile kazi. Alianza mvua zikiwa zimeanza. Alitoa udongo kwa kikapu, kikapu baada ya kikapu, anapita nao sebuleni, anaumwaga nyuma ya nyumba. Juu alitegemeza sakafu kwa magogo ya mkaratusi, akayapanga karibu karibu hata nikitwanga nisisikie mtikisiko. Viti hakuleta. Aliviacha. Alichimba pembeni yake mpaka mabenchi ya udongo yakabaki yamesimama yenyewe, mstari nyuma ya mstari, la nyuma juu kuliko la mbele. Pale mbele akaacha jukwaa la kuwekea televisheni. Ukutani akapaka udongo mweupe. Alitoboa matundu mawili ya hewa yaliyotokea nje chini ya dirisha, na jenereta akasema itakaa uani, mbali, moshi wake usituue. Ndani mle kulikuwa baridi, na kulinuka mizizi. Mimi nilishuka mara chache sana. Kila niliposhuka nilihisi kwamba mtu amenitangulia.

Udongo ndio uliotuponza. Udongo wa choo watu wanaujua, ni kilima kidogo, kwisha. Huu haukuisha. Ulipanda nyuma ya nyumba mpaka ukaonekana kutoka barabarani, mwekundu, unateremka na mvua hadi kwenye kijia cha kwenda kisimani. Wanawake wakitoka kuchota maji walikuwa na matope yetu miguuni. Walianza kuzunguka kwa njia nyingine.

Nilimwambia Celestin nenda ukaseme. Nenda kwa mwenyekiti, mwambie nachimba sinema.

"Nikisema nina televisheni watauliza mchimba vyoo ameipata wapi. Wataniita mwizi kabla hawajaiona. Acha iwe tayari. Wakishakaa, wakaona, hakuna maneno tena."

"Na wakiuliza sasa hivi?"

"Nawaambia nawatayarishia kitu."

Na ndivyo alivyowaambia, mume wangu yule. Alikwenda nyumba kwa nyumba na lile tabasamu lake. Nawatayarishia kitu, mtakiona wenyewe, msiwe na haraka. Katika mwezi ule, wakati kila redio jioni inataja risasi za Rwanda, Mnyarwanda anachimba chini ya nyumba yake na anawaambia majirani anawatayarishia kitu. Nilipojua ndivyo anavyosema nilimfokea mpaka sauti ikakauka. Akasema mbona walicheka.

Kwanza walisema anachimba kaburi. La nani, hawakusema. Halafu wakasema silaha. Mtu mmoja alipita kwetu akiwa na fimbo, akaichomeka kwenye kile kilima cha udongo, akatazama imeingia hadi wapi, akaondoka bila kuniitikia. Celestin alipofunga nyaya kutoka dirishani, ikawa ni redio ya kuzungumza na wenzake walio ng'ambo. Watoto waliokuwa wakija kuniomba mapera hawakuja. Mapera yakaanguka, yakaozea pale pale.

Kisha akaja Eustadia, mke wa Aristides. Eustadia ndiye niliyekuwa na mazungumzo naye kidogo, ingawa naye alikuwa wa kusimama uani. Alikuja na ungo wangu, na mchi wangu, na sufuria ambayo hata mimi nilikuwa nimesahau kwamba ninayo. Akaviweka chini, akavipanga.

"Nimekuletea vitu vyako, Mama Vestina."

"Sijakudai."

"Najua."

"Eustadia, kuna nini?"

Aliangalia lile dirisha lenye nyaya. "Hakuna kitu. Nilikuwa nasafisha nyumba." Akaondoka haraka, kanga imemkaza miguu. Nilikaa na ile sufuria mapajani na nikaogopa kweli kweli. Nilimwambia Celestin tufunge mizigo, twende kwa Vestina. Akasema, baada ya kazi yote hii? Bado nyasi tu za kutandika.

Walikuja Jumapili, baada ya misa, jua likiwa kali na mvua zimekatika. Niliwaona kutoka shambani. Walikuwa wengi, wanaume na wanawake, Rwegasira mbele, mgambo wawili na virungu vyao pembeni yake. Hawakuwa wanaongea. Kundi kubwa hivyo la watu wetu kutembea bila kuongea, mimi nilikuwa nimeliona msibani tu. Nilikimbilia nyumbani.

Celestin alitoka ndani ana nyasi kichwani. Akawaona. Naapa, uso wake uliwaka.

"Karibuni," alisema. "Karibuni sana. Mmejuaje kwamba leo ndiyo kiko tayari?"

"Tumekuja kuliona shimo," alisema Rwegasira.

"Ndiyo. Piteni. Piteni ndani."

Akarudi mbio, akatoka na kile kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile tunayompa mgeni akifika, kwa mkono. Mgeni akiipokea amekukubali, wewe na nyumba yako, kila mtoto wa Karagwe anajua. Alisimama mlangoni, akawapa mmoja mmoja. Rwegasira alisita, nilimwona, kisha akapokea. Wengine wakapokea kwa sababu yeye amepokea. Hata mgambo. Waliinama kwenye ule mlango mfupi, wakapita sebuleni kwetu wakiangalia picha ya Bikira Maria, kabati, vikombe vyangu, kitanda kilichoonekana nyuma ya pazia. Wakashuka kwenye kona wakishikana mabega.

Chini, waliotegemea bunduki waliona mabenchi, yametandikwa nyasi mbichi. Aristides alilipapasa la mbele kwa kiganja.

"Hivi umelichonga kwa jembe tu?"

"Sikulichonga. Nililiacha," alisema Celestin.

"Na hizo nyaya?" aliuliza Rwegasira.

"Za jenereta, ndugu mwenyekiti. Ile pale ni televisheni. Hii ni deki. Nilitaka mje mtazame video. Kaeni, tafadhali, kaeni, msisimame."

Wakakaa, maana chini mle mtu mrefu alilazimika kuinama. Rwegasira akachukua mikanda, akaigeuza. Ule wa Wachina ulikuwa na picha kwenye jalada, akauweka kando. Akashika ule usio na maandishi.

"Hapa kuna nini?"

"Sijui. Sijauona. Nilisema nitauona pamoja na nyie."

Nilifunga macho. Unamwambia mtu anayetafuta ushahidi kwamba hujui kilichomo. Rwegasira akasema, "Washa huu." Nikaenda uani, nikavuta kamba ya jenereta, ikakataa, nikavuta tena huku nikisali, ikakubali. Niliporudi chini, kioo kilikuwa kimejaa mwanga na watu wote wameegemea nyuma kidogo.

Ilikuwa harusi. Ya nani, hatukujua. Labda ya yule mfanyabiashara, labda ya ndugu yake. Watu wa mjini, kanisa kubwa, bwana harusi anatoka jasho. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyepigana, watu wanaoa tu. Ukimya uliendelea mpaka bibi harusi aliposhuka garini na shela ikabanwa mlangoni, mtu akavuta, ikachanika. Eustadia akasema, "Masikini, shela ya kuazima hiyo." Mtu akacheka nyuma. Mwingine akauliza yule mama wa kilemba ni nani, mbona analia kuliko mama mzazi. Wakabishana. Walipofika kwenye chakula walihesabu masufuria. Aristides alipiga paja lake, akasema bwana harusi huyu hata nyama hapewi. Mgambo mmoja aliweka kirungu chini apate kushika tama vizuri. Ngoma zilipopigwa, kina mama wa mbele walitikisa mabega wakiwa wamekaa pale pale kwenye udongo wa mume wangu, mashavu yamejaa kahawa yake.

Nilifurahi, sitaficha. Nilisimama ngazini nikamtazama Celestin. Hakuwa anaangalia televisheni hata kidogo. Alikuwa ameipa mgongo, anawaangalia wao. Nilisema moyoni, Therese, wewe na mdomo wako, huyu mtu alikuwa sahihi tangu mwanzo.

Mkanda ukaisha. Zikabaki chenga tu kwenye kioo. Watu wakanyooka, wakapangusa nyasi. Mmoja akaomba tuwekewe na ule wa Wachina. Rwegasira akasimama, kichwa chake karibu kugusa magogo.

"Tumeona," alisema. "Si silaha. Si redio. Hilo limekwisha, na yeyote asilirudie tena."

Nikapumua.

"Linabaki lile la mkutano. Mvua zimekatika, na watu wote wako hapa, hakuna haja ya kuitana tena." Akatafuta neno lake, kama kawaida. "Nani amewahi kuingia nyumbani kwa Celestin akakaa?"

Celestin alicheka kidogo. Alidhani ni utani.

"Ndugu mwenyekiti, si wote hawa hapa?"

"Leo tumekuja kikazi," alisema Rwegasira. "Nauliza aliyekuja kama jirani."

Jenereta ilisikika kutoka uani. Mwanga wa zile chenga ulikuwa unacheza kwenye nyuso zao na niliziona zote, moja moja. Kila uso niliujua, na shimo lake la choo nililijua. Celestin aliacha kucheka. Aliwaangalia kuanzia benchi la mbele hadi la nyuma, bila haraka, kama mtu anayempa kila mmoja nafasi.

"Aristides," nilisema mimi, "hiyo iliyo mdomoni mwako, ni ya kikazi?"

Aristides akaimeza. Eustadia aliangalia miguu yake. Hakuna aliyesimama.

"Mama Vestina, tafadhali," alisema Rwegasira taratibu, na sauti yake ilikuwa na huruma kabisa, na ndiyo maana nilitaka kumrarua. Akawaashiria mgambo. Yule mmoja akainama kuokota kirungu chake kwenye nyasi.

Celestin aliuliza kama anaweza kuzima jenereta kwanza, petroli isiishe bure. Rwegasira akasema mama atazima. Wakampandisha ngazi, mmoja mbele, mmoja nyuma. Nilimfuata hadi mlangoni. Barabarani, upande wa chini wa migomba, kulikuwa na gari la kumpeleka mtoni akavushwe kurudi Rwanda, dereva amelala kwenye usukani. Kumbe liliitwa tangu asubuhi, kabla hawajaona hata picha moja. Nilitaka kumkimbilia nikashindwa, nilikuwa nimeishika fremu ya mlango na mkono haukutaka kuachia.

Na wao wakaanza kutoka. Mlango ni mfupi, ilibidi watoke mmoja mmoja, na kila mmoja ilibidi ainame mbele yangu. Aristides, Eustadia, kina mama wa benchi la mbele, yule aliyeomba Wachina, wote. Hakuna aliyenipita kimya, maana sisi ni watu wa adabu. Kila mmoja alipofika mlangoni alinishika mkono, akaniambia asante kwa video.